Nenda Nje Ukajipigie Hodi



Katika jengo letu la redio tunaye mlinzi wa usiku, mzee mmoja mtaratibu. Kila siku, wafanyakazi wengi wakishaondoka, hulizunguka jengo zima kwa nje. Milango haitazami tu. Kila mlango anausukuma kwa bega, kila dirisha analivuta, kila kufuli analitikisa. Siku moja nilichelewa kutoka studio nikamkuta katika shughuli hiyo, nikamwambia, "Shikamoo mzee. Si umefunga mwenyewe kwa ndani sasa hivi? Mbona unahangaika tena huku nje?"

Akaniitikia, "Marahaba mwanangu. Nimefunga, ndiyo. Lakini mwizi haji kutokea ndani."

Nilicheka, nikaenda zangu. Sikujua kwamba ningekuja kuyakumbuka maneno hayo kwa uchungu. Leo nataka tuzungumze juu ya milango ambayo mzee wetu hawezi kuisukuma kwa bega, nayo ni milango ya kompyuta. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Naomba mnivumilie, maana kilichoponyoka kwetu hakikuwa cha mafundi. Kilikuwa jina la mtu.

Nilipoanza kazi hii, sauti za watu tuliowahoji zilikaa kwenye kanda, kanda zilikaa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwa mkuu wa maktaba. Aliyetaka kuiba sauti ya mtu ilimlazimu avunje kabati, na kabati lililovunjwa kila mtu huliona asubuhi. Siku hizi sauti zetu zinakaa ndani ya seva, yaani kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana kuwahudumia wengine. Seva yenyewe haipo hata ofisini kwetu. Tumeikodi, ipo mji mwingine, nasi tunaifikia kwa njia ya intaneti.

Miongoni mwa sauti hizo ilikuwamo ya mama mmoja aliyenieleza maovu ya mahali pake pa kazi. Alikuja kwa kuogopa, akazungumza kwa masharti. Nilimwahidi kwamba jina lake halitatoka. Tulipotangaza habari ile tuliibadilisha sauti yake hata mwanawe asingeitambua. Lakini ninyi mnaofanya kazi za redio mnajua desturi yetu. Kabla ya mahojiano kuanza, tunapopima sauti, tunamwambia mgeni, "Tafadhali taja jina lako na kazi yako." Naye hutaja. Sehemu hiyo haitangazwi, ila katika rekodi ya asili inabaki.

Sasa, siku moja alikuja studio rafiki yangu anayefundisha kompyuta chuoni. Tulikuwa tumemwita azungumzie usalama wa mitandao. Mahojiano yalipokwisha, tukiwa tunakunywa chai, akamwuliza kijana wetu wa kompyuta, "Seva yenu ina milango mingapi iliyo wazi kwa nje?"

Kijana akajibu bila kusita, "Miwili tu, mwalimu. Mingine yote faiawoli imeifunga."

"Umejuaje?"

"Nimeifunga mwenyewe."

Mwalimu akatabasamu. Mimi nikamkumbuka mzee wetu wa getini.

Hebu nieleze kwanza maneno haya ili twende pamoja. Mlango wa kompyuta, mafundi huuita poti. Neno hilo lisitubabaishe, hatuzungumzii bandari ya Dar es Salaam wala ya Mombasa. Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao ina anwani yake, kama kiwanja kilivyo na namba yake. Lakini ndani ya kiwanja hicho mna milango mingi yenye namba, kuanzia 1 hadi 65,535. Isitoshe, milango hiyo ipo mafungu mawili. Fungu la kwanza, TCP, ni kama mazungumzo ya simu, maana unapiga, unapokelewa, ndipo mnazungumza. Fungu la pili, UDP, ni kama kusukuma barua chini ya mlango ukaenda zako bila kujua kama imesomwa.

Namba nyingine zina wenyewe kwa desturi. Kurasa za intaneti hupitia mlango namba 80 na 443. Barua pepe hupokelewa 25. Fundi anayeitengeneza seva akiwa mbali huingilia 22. Hifadhidata nyingi za MySQL husikiliza 3306. Namba hizi si siri, kila fundi duniani anazijua, na kila mwizi pia.

La kushika ni hili. Mlango wa kompyuta haufunguki wenyewe. Huwa wazi kwa sababu kuna programu imekaa nyuma yake inasikiliza, tayari kusema "karibu". Pasipo programu, mlango hauna mtu. Kwa hiyo mtu akikuuliza milango gani iko wazi, kwa hakika anakuuliza: ni nani humu ndani anayepokea wageni, na wageni gani wanaweza kumfikia?

Hapo ndipo inapoingia faiawoli, yaani mlinzi wa getini. Seva yetu inaendeshwa na Linux, ule mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Linux ina mlinzi wake ndani ya kiini chake. Tangu mwaka 2001 mafundi wengi wamempa amri kwa kutumia iptables, na tangu 2014 kukawa na nftables ambayo imekuwa ikichukua nafasi hiyo. Wengine hutumia ufw, ambayo huwaandikia amri hizo kwa lugha nyepesi. Kwa vyovyote vile, kazi ni ileile. Mlinzi ana daftari. Kila pakiti ya mtandao ikifika getini, analisoma daftari kutoka juu kwenda chini, na amri ya kwanza inayomhusu mgeni yule ndiyo anayoifuata. Huyu apite, yule azuiwe.

Kijana wetu akafungua kompyuta yake, akatuonyesha daftari. Lilikuwa safi kabisa: wageni wote wazuiwe, isipokuwa wa mlango 443 na wa mlango 22. "Unaona, mwalimu? Miwili."

Mwalimu akamwambia, "Hilo ni daftari la amri. Sikuuliza mlinzi ameambiwa nini. Nimeuliza mlango upi unafunguka."

Ndugu wasikilizaji, maneno hayo yanafaa kuandikwa ukutani katika ofisi nyingi.

Wakaanza kazi. Kwanza walitazama kwa ndani. Ipo amri ya Linux ya herufi mbili tu, ss, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani iitwayo netstat. Fundi huiandika hivi: ss -tulpn. Nayo humwonyesha programu zote zinazosikiliza, za TCP na za UDP, jina la kila programu na namba ya mlango wake. Ukitaka kuona majina ya programu zote, uiendeshe ukiwa na mamlaka ya msimamizi wa kompyuta.

Orodha ilitoka, mistari kama kumi hivi. Mwalimu akanifundisha kuisoma, nami si fundi. Akasema, usitazame namba ya mlango peke yake, tazama na anwani iliyoandikwa kabla yake. Ukiona 127.0.0.1, programu hiyo inawasikiliza wa nyumba ileile tu, na mgeni wa nje hawezi kuifikia. Ukiona 0.0.0.0, inamsikiliza yeyote, kutoka popote. Ukiona mabano yenye nukta nne, yaani [::], nayo ni hivyohivyo kwa anwani za aina mpya ziitwazo IPv6, na mara nyingi hata kwa zile za zamani.

Tukafika mstari mmoja, mwalimu akatua kidole. Palikuwa na zile sifuri nne, kisha namba 41873.

"Hii ni nini?"

Kijana akatazama. "Aa, hiyo ni programu ya maktaba ya sauti, mwalimu. Niliiweka kwa majaribio, ili watangazaji waweze kutafuta rekodi za zamani kwa urahisi. Lakini haina tabu. Faiawoli inaizuia. Na hata namba yenyewe niliichagua ya ajabuajabu makusudi. Nani atakuja kugonga mlango namba 41,873?"

"Twende nje tukaone," mwalimu akasema.

Kutazama kwa ndani hukuonyesha nani anasikiliza. Hakukuonyeshi nani anafikiwa, kwa sababu ukiwa ndani hujapita getini. Hata ukitumia kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao uleule wa ofisi, pengine mlinzi anakufahamu kama mwenyeji na kukupitisha. Sharti utoke kweli. Kijana wetu akauacha mtandao wa ofisi, akaunganisha kompyuta yake na intaneti ya simu yake ya mkononi, akawa mgeni kama wageni wengine.

Chombo alichotumia kinaitwa nmap. Kilitolewa mwaka 1997 na Gordon Lyon, Mmarekani anayejulikana zaidi kwa jina la Fyodor, na mpaka leo kinatumiwa na walinzi pamoja na wezi. Kazi yake ni kupiga hodi, mlango baada ya mlango, na kuandika majibu.

Na majibu ni matatu, kama mtaani kwetu. Ukipiga hodi ukaitikiwa "karibu", mlango uko wazi. Ukiambiwa "hapa hakaliwi na mtu", mlango umefungwa, yaani hodi imefika lakini hakuna programu inayosikiliza. Ukipiga hodi kukawa kimya kabisa, basi huenda mlinzi amekuzuia getini na hodi yako haikufika, na hilo nmap husema mlango umechujwa. Kwa milango ya UDP kimya ni kigumu zaidi kukifasiri, kwa sababu hata mwenyeji aliyemo ndani anaweza kupokea barua asijibu. Hapo nmap hukiri kwamba mlango uko wazi au umechujwa, na fundi inambidi achunguze zaidi.

Mara ya kwanza kijana aliendesha nmap bila kuongeza neno. Baada ya muda mfupi jibu likaja: milango miwili iko wazi, 22 na 443. Mingine kimya. Kijana akatutazama, akashusha pumzi. Na mimi nikafurahi, nikainuka nirudi mezani kwangu.

Mwalimu akasema, "Subiri, dada. Usipoiambia vingine, nmap hugonga ile milango 1,000 inayotumiwa zaidi. Imebaki 64,535."

Akaongeza alama ndogo tu, -p-, yenye maana ya milango yote. Safari hii ilichukua zaidi ya nusu saa, kwa kuwa kila mlango ulio kimya humlazimisha mpiga hodi kungoja. Chai ikapoa. Kisha orodha ikatoka. Ilikuwa na mistari mitatu.

Mstari wa tatu ulikuwa 41873, wazi.

Kijana akachukua simu yake, akaandika anwani ya seva na namba ile. Ukurasa ukafunguka. Haukuomba neno la siri, maana ulitengenezwa kwa ajili ya watu wa ndani. Palikuwa na orodha ya rekodi zetu kwa tarehe. Nikaiona tarehe ninayoijua. Nikamwomba aibonyeze.

Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Tafadhali taja jina lako na kazi yako." Na yule mama akataja.

Hakuna aliyesema neno.

Pengine msikilizaji utajiuliza, ilikuwaje daftari la mlinzi liseme mlango umefungwa, na mlango ufunguke? Kijana hakuwa mvivu wala hakudanganya. Alikuwa ameiweka programu ile ndani ya kontena, mtindo unaopendwa sana siku hizi, ambapo programu hufungashwa pamoja na mahitaji yake yote ili iwe rahisi kuihamisha. Programu inayosimamia makontena ikiambiwa ifungue mlango kwa ajili ya kontena, mara nyingi huandika amri zake yenyewe moja kwa moja ndani ya kiini cha Linux. Amri hizo humpokea mgeni mapema, zikambadilishia anwani ya aendako, zikampitisha korido ya wasafiri badala ya korido ya wageni wa nyumbani. Amri za ufw alizoandika kijana zilikuwa zinalinda korido ya wageni. Mlinzi alikuwa kazini, macho wazi, daftari mkononi. Mgeni alipita korido nyingine.

Tabia hiyo imeandikwa katika vitabu vya maelekezo vya programu hizo. Lakini nani husoma kitabu chote? Na ipo mitego mingine ya aina hiyo. Wapo waliofunga vizuri milango ya anwani za zamani za IPv4 wakasahau kabisa zile za IPv6, kumbe seva ina anwani zote mbili. Ni sawa na mtu aliyeweka mbwa mkali lango la mbele na kuacha uzio wa nyuma umelala chini. Hata kwa nmap lazima useme wazi, kwa kuongeza -6, kwamba unataka kupiga hodi upande huo. Wahenga walisema, ndege mjanja hunaswa na tundu bovu.

Na lile wazo la kujificha nyuma ya namba ya ajabu? Zamani kidogo lingeweza kusaidia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha chombo chao kiitwacho ZMap. Anwani zote za IPv4 ni kama bilioni 4.3. Kwa kompyuta moja ya kawaida yenye njia nzuri ya intaneti, chombo kile kiliweza kupiga hodi mlango wa namba moja katika anwani zote zinazofikika duniani kwa muda usiofika dakika 45. Narudia, dunia nzima, dakika 45. Kwa hiyo tusiwaze tena kuhusu mwizi mmoja anayepita mtaani kwetu kwa bahati mbaya. Tuwaze mashine zisizolala, zinazogonga kila mlango wa kila mtu, usiku na mchana, bila kujali kama wewe ni benki au muuza vitumbua.

Mifano ipo. Mwishoni mwa mwaka 2016 na mwanzoni mwa 2017, maelfu kwa maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilikutwa zimefutwa, na mahali pake umeachwa ujumbe wa kudai fedha za Bitcoin. Wezi hawakuvunja kufuli lolote. Mlango namba 27017 ulikuwa wazi kwa dunia nzima, na hifadhidata zenyewe hazikuwekewa neno la siri. Wapo waliolipa wasirudishiwe kitu.

Mwaka huohuo wa 2016 kilitokea kirusi kiitwacho Mirai. Hiki kilitafuta vifaa vidogo vinavyoendeshwa na Linux: kamera za ulinzi, vinasa picha, ruta za nyumbani. Kiligonga mlango 23 na 2323, ile ya Telnet, kisha kikajaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60. Waliokuwa hawajabadilisha neno la siri la kiwandani walitekwa. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa hivyo lilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikisaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi huko walishindwa kuzifikia tovuti kubwa kama Twitter na Netflix. Fikirini: kamera iliyonunuliwa kumlinda mwenye nyumba ikageuzwa mwizi, na mwenyewe hana habari. Na kamera za namna hiyo leo zimejaa katika maduka na nyumba zetu mijini.

Narudi kwetu. Mlango ulifungwa jioni ileile. Programu ikaamriwa isikilize 127.0.0.1 peke yake, na mtangazaji anayeihitaji sasa hupitia njia ya SSH iliyofungwa kwa ufunguo. Ikawekewa pia neno la siri. Kisha kijana akatoka tena nje, akapiga hodi milango yote 65,535 upya, na ya IPv6 pia. Hilo ni jambo muhimu. Ukiziba, rudi ukagonge, maana kuziba nako ni dhana mpaka upige hodi.

Lakini swali lililobaki lilikuwa zito kuliko yote. Je, kuna aliyeingia? Ukurasa ulikuwa wazi kwa miezi mitano. Kumbukumbu za waliotembelea seva yetu huhifadhiwa kwa wiki nne, za nyuma hufutwa. Katika wiki hizo nne tuliona hodi nyingi za mashine, zilizofungua ukurasa wa kwanza na kuondoka. Hatukuona aliyesikiliza rekodi. Ya miezi minne iliyotangulia, hakuna anayeweza kuyasema.

Ofisini tulivutana. Wapo waliosema, na kwa nia njema, kwamba hakuna ushahidi wa madhara, basi tusimtie mama wa watu hofu bure. Mimi nikasema, mficha uchi hazai. Hatari ilikuwa yake. Kama angehitaji kujiandaa, alistahili kujua. Mwishowe tukakubaliana niende.

Nilimkuta kwake, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, bila kuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, nanyi mliniambia umefungwa?"

Nikamjibu, "Tulidhani umefungwa, mama."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Dhana ilikuwa yenu, dada. Jina lilikuwa langu."

Aliniomba nifute rekodi yake, nikaifuta na nakala zake zote. Tulikuwa na mahojiano mengine tuliyopanga, juu ya yaliyofuata pale kazini kwake. Hakutaka tena, nami sikumshawishi. Habari ile haikupata mwisho wake redioni. Sijui ni wangapi wangefaidika nayo.

Ndugu wasikilizaji, nisingependa muondoke na huzuni peke yake. Tahadhari inawezekana, na haina gharama kubwa. Linux ni ya bure, ss ni ya bure, nmap ni ya bure. Kinachotakiwa ni desturi. Sisi sasa tuna karatasi ukutani: namba ya mlango, programu iliyo nyuma yake, jina la mfanyakazi anayeuhitaji, na tarehe uliopigiwa hodi mara ya mwisho. Mlango usio na mwenyewe hufungwa. Na programu isiyohitajika huondolewa kabisa, kwa kuwa mlango usio na msikilizaji nyuma yake hauhitaji mlinzi. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na kila inapowekwa programu mpya, kijana wetu hutoka nje ya mtandao wa ofisi na kugonga milango yote. Aidha, wageni wanaoomba kufichwa hatuwaombi tena wataje majina wakati wa kupima sauti. Wanahesabu moja hadi kumi.

Nitoe na onyo. Vyombo hivi vipigie hodi kwako tu, au kwa aliyekupa ruhusa, na ruhusa iwe ya maandishi. Usiende kujaribu seva ya benki au ya jirani kwa kisingizio cha kujifunza. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta. Anayegonga milango ya watu usiku wa manane hawezi kulalamika akiitiwa mwizi. Hata seva ya kukodi, soma kwanza masharti ya mwenye nayo.

Na wewe usiye fundi, unayo kazi ya kufanya. Kumbukumbu zako zipo mahali: zahanati uliyotibiwa, shule ya watoto, chama cha kuweka na kukopa, duka lenye kamera inayotazama uso wako kila siku. Ukikaa katika bodi au mkutano wa wanachama, na fundi akasema "tunayo faiawoli", usitosheke. Muulize kwa upole maswali mawili. Ni nani aliyepiga hodi kutoka nje? Na ni lini mara ya mwisho? Akijibu kwa tarehe na orodha, mshukuru, umepata fundi. Akijibu kwamba alifunga mwenyewe, mwelekeze kwa mzee wetu wa getini.

Mzee nimekwisha kumsimulia kisa hiki. Alisikiliza huku akitikisa kufuli la lango dogo. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa huyo kijana anatoka nje kila siku?"

Nikasema, "Mara moja kwa mwezi, mzee."

Akatikisa kichwa. "Mimi hutoka kila usiku," akasema, akaenda mlango wa pili.

Nadhani ana hoja. Nimeifikisha kwa wakubwa.

Kwa leo tuishie hapo, ndugu wasikilizaji. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo. Kwaherini.